Makaa Juu, Makaa Chini: Krismasi ya Uthiru

Anayetaka kuoka keki ya Krismasi jijini Nairobi huanzia Kamukunji. Hapo, karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, mafundi wa jua kali hukaa bega kwa bega wakigonga bati tangu asubuhi. Katikati ya majiko, karai na masanduku ya wanafunzi wa bweni kuna vibanda vya makopo ya kuokea tu: ya duara, ya mraba, ya umbo la moyo, na ya umbo la tarakimu kwa siku za kuzaliwa. Nyundo hazikupi nafasi ya kuzungumza. Unaonyesha kwa vidole, fundi anaelewa. Nilichukua kopo la duara la inchi 8, lenye kimo, kwa kuwa ndivyo nilivyoagizwa. Keki ya matunda hukaa motoni saa nyingi, na kopo fupi huikausha pembeni kabla ya katikati kuiva.

Aliyeniagiza ni bibi mmoja wa Uthiru ambaye mtaa mzima humwita Cucu, nyanya kwa Kikikuyu. Jirani yake ni rafiki yangu, na kwa miaka amekuwa akiniambia kwamba Desemba ikiingia, mdalasini wa jikoni kwa Cucu husikika mpaka barabarani. Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu keki ni ya Idi: kumi la mwisho la Ramadhani likifika, kila ua una jiko, kila jiko lina sufuria, na watoto hugombea kulamba mwiko. Nilitaka kuona kwa macho yangu jinsi keki ya sikukuu ya Waingereza, iliyozaliwa katika nchi ya theluji, ilivyofika kwenye vilima vya Kabete ikapata wenyewe.

Kutoka Kamukunji nilipanda hadi Ngara kutafuta viungo. Karafuu, kungumanga, mdalasini wa vijiti, tangawizi kavu. Zabibu kavu nyeusi na za rangi ya dhahabu. Cheri nyekundu zilizokolezwa sukari. Maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari yakakatwa vipande vidogo. Nilipovitazama vyote vimepangwa juu ya kaunta niliona kwamba keki hii ya Kiingereza, tangu zamani, haikuwa na cha Kiingereza zaidi ya unga, siagi na mayai. Vingine vyote vilikuja kwa majahazi na meli, na karafuu, tangu karne ya 19, kwa sehemu kubwa ilitoka kwetu Unguja na Pemba.

Keki yenyewe ilianza kama uji. Waingereza wa zamani walipika uji mzito wa nafaka, nyama na matunda makavu kwa siku za Krismasi. Polepole nyama ikatoka, unga wa ngano na mayai yakaingia. Sehemu moja ikafungwa kwenye kitambaa na kuchemshwa, sehemu nyingine ikaenda tanurini. Keki kubwa ya tanurini haikuwa hata ya Krismasi. Ilikuwa ya tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania, na ndani yake walificha punje ya haragwe ili atakayeipata awe mfalme wa usiku ule. Ni katika karne ya 19, wakati wa Malkia Victoria, ndipo ilipohamia Desemba 25. Karne hiyohiyo ndiyo iliyowapa wanawake wa kawaida nafasi ya kuoka nyumbani bila kupambana na hamira: mwaka 1843 mkemia Alfred Bird wa Birmingham alitengeneza poda ya kuokea kwa sababu mke wake alidhurika akila kitu chenye hamira. Keki nyingi tunazozijua leo zinadaiwa na ugonjwa wa mama yule.

Nikiwa na mfuko wangu nilipita barabara ya Kijabe nikatokea ile ya Harry Thuku, mbele ya hoteli ya Norfolk. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Norfolk ilifungua milango siku ya Krismasi ya mwaka 1904. Walowezi waliokuwa wakija kutwaa mashamba walilala hapo, wakala hapo, na hapo ndipo Krismasi ya Kiingereza ilipopata meza yake ya kwanza ya fahari katika mji huu. Barabara yenyewe lakini ina kumbukumbu nyingine. Machi 1922 mwanasiasa Harry Thuku alipokamatwa, umati uliokuja kudai aachiliwe ulipigwa risasi karibu na hoteli hiyo, na Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewapa wanaume changamoto ya kusonga mbele, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Siwezi kuandika habari za keki ya Nairobi nikaruka jambo hilo. Waliokula na waliouawa walitenganishwa na barabara tu.

Mwendo mfupi kutoka hapo lipo kanisa la St Andrew's. Mwaka 1928 wanawake wa kanisa hilo, wakati huo likiwa la Waskoti, walichapisha kitabu cha mapishi cha walowezi wa Kenya. Kilimlenga mama wa Kizungu aliyejikuta katikati ya shamba la mbali, hana duka wala mkate, ana jiko la kuni na mpishi ambaye hawasikilizani lugha. Leo St Andrew's ni ya PCEA, Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, waumini wake wengi ni Wakenya, na mapishi yale yamekwishatoka kitabuni yakaingia mikononi mwa watu.

Mikono ya kwanza ilikuwa ya wanaume. Wapishi wa walowezi walikuwa wanaume karibu wote, na wengi hawakusoma. Walibeba mapishi kichwani. Maarufu wao ni Kamante Gatura, mpishi wa Karen Blixen kwenye shamba la kahawa chini ya Ngong. Blixen, Mdenmaki, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1937 kwamba Kamante alikumbuka michuzi kwa tukio la siku aliyofundishwa, kama ule wa siku radi ilipopiga mti. Kijana wa Kikikuyu akapika chakula cha jioni cha mwana wa mfalme wa Uingereza mwaka 1928. Lakini mpishi wa Mzungu alipika kwa Mzungu. Keki ikabaki upande ule wa ukuta. Kuivusha ilikuwa kazi ya wanawake, na njia waliyopitia ndiyo iliyonipeleka magharibi.

Matatu ilikata Westlands, ikapita chini ya nguzo za barabara ya juu, ikashika Waiyaki Way. Kangemi nilishuka kwenda sokoni kwa mayai na majarini ya Blue Band, kwa maana Cucu hutumia nusu siagi na nusu Blue Band na hataki kusikia hoja nyingine. Siagi kwa ladha, anasema, na Blue Band kwa rangi. Unga nilipata wa Exe, wa kampuni ya Unga ambayo mlowezi Lord Delamere aliianzisha mwaka 1908 baada ya kulima ngano Njoro. Siku hizi sehemu kubwa ya ngano ya Kenya huagizwa kutoka nje, na bei ya paketi hupanda na kushuka na mambo ya nchi za mbali.

Uthiru imekaa mpakani. Hatua chache uko Kaunti ya Nairobi, hatua chache uko Kiambu, na mgeni hawezi kujua amevuka saa ngapi. Upande mmoja kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Upper Kabete, ambako hufundishwa kilimo na udaktari wa mifugo; upande mwingine kuna maabara za mifugo za serikali na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI. Magorofa ya kupangisha yamejengwa mpaka kwenye nyua za watu, lakini katikati yake bado utaona kipande cha majani ya napia, ng'ombe mmoja wa maziwa, mti wa parachichi unaoinamia paa la mabati. Desemba jua ni kali na vumbi la Naivasha Road halitulii. Nilinusa makaa kabla sijafika kwenye geti.

"Shikamoo, Cucu."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa furaha, maana shikamoo Nairobi haisikiki kila siku. Akapokea kopo kabla ya kunipa kiti, akalipiga kwa kidole kusikiliza unene wa bati, akaridhika.

Jikoni kwake ni chumba cha mabati kilicho mbali kidogo na nyumba. Ndani ya nyumba ana jiko la gesi lenye oveni, alilonunuliwa na mwanawe, na huliheshimu kwa kuliwekea kitambaa cha kufuma. Keki ya Krismasi haiingii humo. Majiko matatu ya makaa yalikuwa yamewashwa, na juu ya kila moja sufuria kubwa yenye mchanga mkavu wa unene wa vidole vitatu. Kopo la keki hukaa juu ya mchanga, sufuria hufunikwa kwa kifuniko bapa, na juu ya kifuniko hupangwa makaa yaliyokolea. Moyo wangu ulifurahi. Hivyo ndivyo mama yangu alivyooka mkate wa mayai Mombasa: makaa chini, kisha kupalia moto juu. Tulikuja kutoka ncha mbili za reli na tulioka kwa moto mmoja.

Matunda yalikuwa yamelowa tangu jana yake. Katika nyumba nyingine za Uthiru, hasa za vijana, hulowekwa kwenye brandi tangu Oktoba, kama wafanyavyo Waingereza wenyewe. Cucu ni wa Woman's Guild, chama cha akina mama wa PCEA, na pombe haiingii katika nyumba yake hata kwa mlango wa keki. Yeye hutumia chai ya rangi, nzito, ya majani ya Limuru, akaongeza maji ya chungwa na asali. Zabibu huvimba na kung'aa. Nilionja moja. Uchungu wa chai ulikuwa umekata ile sukari inayochosha ulimi, na nasema bila kusita kwamba chai inaifaa keki hii kuliko pombe. Hasara yake ni moja: keki ya chai haina maisha marefu kama ya brandi, kwa hiyo haiokwi mapema. Cucu huanza wiki ya Jamhuri Dei, ili Krismasi iikute ina wiki mbili hivi, imetulia, viungo vimeingia mpaka ndani.

Vipimo vyake ni hivi, kwa kopo moja: mafuta robo kilo, sukari ya kahawia robo kilo, unga robo kilo, mayai manne makubwa au matano ya kienyeji, matunda makavu kilo moja kasoro robo. Kijiko kimoja cha mdalasini, nusu ya kungumanga, karafuu za kusagwa kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Hapimi kwa mizani. Ana kikombe cha bati chenye mkwaruzo uliofanywa kwa msumari, na mkwaruzo ule ndio robo kilo. Mafuta na sukari hupigwa kwanza kwa mwiko mpaka viwe vyeupe. Mayai huingia moja moja. Unga huingizwa polepole bila kupigwa. Rangi nyeusi hutoka kwenye sukari iliyounguzwa kwenye kikaango mpaka ikatoa moshi, ikazimwa kwa maji. Nilipoomba nisaidie kukoroga akanipa mwiko mara moja. Mchanganyiko wa keki hii ni mzito, unaumiza bega.

"Tulikoroga kwa zamu, kila mtoto mara yake," akasema. Waingereza nao wana desturi hiyo: Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, sala ya siku hiyo katika kitabu chao cha sala cha mwaka 1549 huanza kwa kumwomba Mungu aichochee mioyo ya waumini, nao wakaifanya siku ya kukoroga pudini ya Krismasi, kila mtu wa nyumba akishika mwiko. Cucu hakuwahi kusikia habari hizo. Kwake zamu ilitokana na uzito tu.

Nikamwuliza alijifunzia wapi. Hakujibu upesi. Alipanga makaa kwanza.

"Kijijini," akasema. "Si huku kwetu. Kijiji cha Imajensi. Nyumba zetu zilichomwa, tukapangwa kwa mistari kama mahindi, na handaki kuzunguka."

Vijana wasomao haya wajue anachosema. Imajensi ni hali ya hatari: kati ya 1954 na 1955 serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni 1, Wakikuyu, Waembu na Wameru, ikawafungia katika vijiji zaidi ya 800 ili kuwakatia wapiganaji wa Mau Mau chakula. Maendeleo ya Wanawake ilikuwa imeanzishwa mwaka 1952, chini ya idara ya maendeleo ya jamii, na vilabu vyake vilifika katika vijiji hivyo vikifundisha usafi, kushona, kulea watoto na upishi. Serikali ilivitumia pia kuwavuta akina mama wawaache wapiganaji. Mama yake Cucu alikuwa mmoja wa wanafunzi. Mwalimu, mwanamke wa Kizungu, alikuja na kapu lenye unga, sukari na mayai, akaoka kwenye sufuria juu ya mchanga kwa kuwa tanuri halikuwepo. Akina mama walimtazama mikono. Hawakuandika.

"Na mama aliipenda keki? Katika hali ile?"

"Mama alichukia kijiji. Keki haikuwa na kosa. Alisema, hii nitaila na watu wangu siku tukitoka."

Walipotoka alioka. Haikuwa ya matunda, matunda hayakupatikana. Ilikuwa ya unga, mayai na maganda ya limau, ikakatwa vipande vingi vidogo ili kila aliyerudi apate.

Keki ikiwa motoni na mjukuu wake akilinda makaa, nilichukua bodaboda kwenda Lower Kabete. Nilitaka kuona lango la Kenya School of Government. Mahali hapo palikuwa Jeanes School, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani, kufundisha walimu wasimamizi wa shule za vijijini. Mwalimu alikuja na mke wake na watoto, wakapewa nyumba, na mke naye akafundishwa: kupika, kufua, kushona, kutunza mtoto. Kisha familia ilirudi kwao iwe mfano kwa wengine. Baadaye hapo hapo ndipo viongozi wa mwanzo wa vilabu vya Maendeleo walipofunzwa. Walinzi wa lango walinikubalia nisimame kidogo chini ya miti. Watumishi wa umma wenye tai walikuwa wakitoka semina. Keki nyingi za Kenya, kutoka Taita hadi Maragoli, zina ukoo na eneo lile, na nadhani panastahili kibao kimoja cha kuwakumbuka wale wake wa walimu, maana vitabu vimewataja waume.

Ukiendelea magharibi kidogo uko Thogoto, walikohamia wamisionari wa Kanisa la Skoti mwaka 1898 wakitoka Kibwezi. Hapo jirani ilianzishwa Alliance High School mwaka 1926, na shule dada ya wasichana mwaka 1948. Waskoti wa Kipresbiteri hawakuijali sana Krismasi. Sikukuu yao kubwa ilikuwa Mwaka Mpya, na kwao Skoti Krismasi haikufanywa siku ya mapumziko mpaka 1958. Mkesha wa mwaka walikula keki yao nyeusi ya matunda iliyofunikwa kwa ganda la unga. Na bado vilima hivi, vilivyobatizwa na wao, husherehekea Krismasi kwa nguvu kuliko walivyofanya walimu wao. Wakikuyu walichukua sikukuu walivyotaka wenyewe.

Nilirudi kwa Cucu nikakuta mjukuu wake amepiga magoti akipuliza jiko. Anasomea sayansi ya chakula pale Upper Kabete, na alinieleza jambo ambalo kila muokaji wa Nairobi analijua kwa maumivu. Uthiru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi ya poda ya kuokea hutanuka kupita kiasi. Keki huumuka haraka kabla kuta zake hazijashika, kisha hubonyea katikati. Mapishi ya Uingereza, yaliyopimwa karibu na usawa wa bahari, yakifuatwa Uthiru neno kwa neno hushindwa. Dawa ni kupunguza poda, kuongeza yai au maji kidogo, na kuzidisha moto mwanzoni. Cucu amekuwa akipunguza poda maisha yake yote bila kujua habari za mgandamizo wa hewa. Keki ya matunda inahitaji poda kidogo mno. Inasimama kwa uzito wake. Naamini hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya ishike mizizi huku juu wakati keki nyepesi zilikuwa zikiwaaibisha watu.

Binti wa Cucu, mama wa yule msichana, aliingia kutoka kazini akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kutaja kwa kidole njia za kuoka keki alizofundishwa shule ya msingi: kupiga mafuta na sukari, kusugua mafuta kwenye unga, kupiga mayai, kuyeyusha. Ni kizazi cha 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985, na Sayansi Kimu ilikuwa somo la lazima. Wavulana kwa wasichana walileta mayai kutoka nyumbani, darasa zima likaoka keki moja kwenye sufuria. Somo hilo liliondolewa baadaye katika mtihani wa darasa la nane. Mimi nalihesabu miongoni mwa hasara kubwa za elimu yetu. Mtoto aliyeoka keki amejifunza hesabu, kemia na subira kwa siku moja, na amekula.

Cucu alitoboa keki kwa kijiti cha ufagio. Kikatoka kikavu. Akaifunika kwa taulo nene ipoe ndani ya kopo lake, kisha ikafungwa kwa karatasi ya mafuta na kuwekwa juu ya kabati, ilipo Biblia.

Nilirudi siku ya Krismasi. Barabara zilikuwa tupu, maana nusu ya Nairobi ilikuwa imekwenda ushago. Watu wa Uthiru ushago wao ni papo hapo. Watu walitoka kanisani saa saba, chakula kikapakuliwa: mukimo, chapati, mbuzi wa kuchoma. Keki ilitolewa mwisho, na chai ya maziwa. Haikupakwa kitu. Juu yake mjukuu alikuwa amepanga nusunusu za makadamia kwa duara, kama Waskoti wa Dundee wanavyopanga lozi. Lozi huuzwa ghali. Makadamia zinalimwa Kiambu na Murang'a.

Aliyekata ni Cucu, na hapo nikaona lililonileta. Kipande cha kwanza hakikuliwa na mtu wa nyumba ile. Kilifungwa kikaenda kwa mama mkwe wa binti yake. Cha pili kwa mzee wa kanisa wa wilaya yao, cha tatu kwa jirani Mwislamu aliyewaletea biriani siku ya Idi, cha nne kwa mlinzi wa gorofa la mbele ambaye hakupata likizo. Watoto walisubiri, wakitazama kisu, hawakunung'unika. Harusini ni vivyo hivyo. Uingereza keki ya harusi hupandishwa ghorofa kwa ghorofa, na ya juu wengine waliihifadhi hadi ubatizo wa mtoto wa kwanza. Kenya tumeziteremsha zile ghorofa: keki kuu ya maharusi katikati, na pembeni keki kamili ya wazazi wa bibi harusi, ya wazazi wa bwana harusi, ya wasimamizi, ya kanisa, kila moja ikikabidhiwa kwa magoti na nderemo. Heshima iliyokuwa ikipelekwa kwa wakwe kwa njia nyingine sasa hupelekwa pia kwa keki, na mkwe asiyepewa yake hukumbuka.

Nilikula changu nikiwa nimesimama mlangoni. Ilikuwa nzito, nyeusi, yenye unyevu, chai ikisikika nyuma ya mdalasini, makadamia zikivunjika kwa meno. Nimekula keki za hoteli katikati ya jiji zenye jina kubwa na karatasi ya kung'aa. Hii ya mchanga na makaa inazishinda, na sisemi hivyo kwa ajili ya mapenzi ya wenyeji.

Inashindana lakini na wakati. Mitaa yote ya Waiyaki Way sasa ina vibanda vya keki za krimu, zilizopakwa rangi, zilizo tayari kwa saa mbili, na vijana huzipenda kwa picha. Sina ugomvi nazo siku ya kuzaliwa. Krismasi, ubatizo na harusi zinataka keki iliyochukua muda wa mtu. Kasoro ni kwamba wenye ujuzi huo ni wa umri wa Cucu na binti yake, na vipimo viko kwenye vikombe vya bati vyenye mikwaruzo. Kama mama au nyanya yako ana kikombe cha namna hiyo, nenda ukapime kinachoingia ndani yake, uandike kwenye daftari, na jina lake juu.

Na anayetaka keki ya Krismasi ya Uthiru mwaka huu aulizie akina mama wa kanisa mapema, apeleke matunda na kopo lake mwenyewe kabla ya Jamhuri Dei. Wanaooka kwa makaa huwa wameshajaza oda zao ifikapo katikati ya Desemba, na baada ya hapo hawapokei.